Kidau Namba Kumi na Saba

Jumatano hiyo, saa mbili kasoro robo asubuhi, Inspekta Katee alikuwa amebakiwa na saa tisa na dakika kumi na tano, na mkononi hakuwa na kitu.

Faili lilikuwa wazi mezani pake, katika ofisi ya upelelezi mjini Kitengela. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokuwa imemsumbua kwa wiki mbili, tangu ilipoletwa mahakamani: nakala ya mapatano ya kuuza shamba, yaliyoandikwa kwa mkono Loitokitok mwezi wa Machi 1964. Yalisema kwamba mzee Koinet alimuuzia ndugu yake ekari kumi na nane pale Kimana, akapiga dole gumba mbele ya karani. Koinet alishakufa. Ndugu yake alishakufa. Aliyebaki na karatasi alikuwa mtoto wa huyo ndugu, Timothy Kuntai, dalali wa viwanja kutoka Tuala. Aliyebaki na shamba alikuwa Naserian, mjane wa mtoto wa Koinet, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akilima vitunguu na nyanya hapo na kusomesha watoto wanne. Kesho saa tatu asubuhi, jaji wa mahakama ya ardhi kule Kajiado angeamua ni nani kati yao aondoke.

Katee hakuwa na shaka kwamba karatasi ile ilikuwa ya kughushi. Lakini jaji hasomi moyo wa askari. Dole gumba lilikuwa limetota hadi likawa doa tu. Karani aliyetajwa hakujulikana alikozikwa. Na mtaalamu wa maandishi alikuwa ametazama kila kitu kwa darubini yake, kisha akaandika mstari mmoja uliolifunga faili kama kufuli: wino si wa biro wala si wa siku hizi, ni wino wa kuchovya, wa zamani.

"Inspekta," wakili wa Naserian alikuwa amemwambia kwenye simu jana jioni, "kama uko na kitu, kiwe masijala kesho kabla ya saa kumi na moja. Baada ya hapo hata ukileta malaika hatapokewa."

Mlango ulifunguliwa. Mkuu wake aliingia akicheka peke yake, kitabu cha ripoti mkononi.

"Katee, wewe si ndiye mtu wa wino? Kuna mzee wa Milimani anatumaliza hapa. Wiki ya tatu hii. Ameibiwa uchafu."

"Uchafu gani, mkubwa?"

"Uchafu! Ako na vikopo vya wino vya zamani. Vikopo viko vyote, hakuna hata kimoja kimeenda. Lakini kimoja kilikuwa na uchafu ndani, na sasa hakina. Anataka tushike mtu." Alikitupa kitabu mezani. "Enda umwambie tutaweka vizuizi barabarani."

Katee hakucheka. Alisoma maandishi ya askari wa zamu, ambaye naye alikuwa ameandika kama mtu anayebana kicheko: Kidau cha wino cha udongo wa kahawia, namba 17, Ofisi ya DO, Loitokitok, 1964. Wino mkavu uliokuwa ndani umekwanguliwa wote.

Alisoma mara ya pili: DO, mkuu wa tarafa, wa Loitokitok, mwaka ule ule. Kisha akachukua funguo za gari.

*

Mzee Mureithi alifungua geti mwenyewe. Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na sita, mrefu, mkavu, amevaa koti na tai katika vumbi lile la Kitengela kana kwamba mkaguzi wa shule angefika wakati wowote.

"Umechelewa siku kumi na nane," alisema.

"Pole, mwalimu. Nimeona ripoti yako leo."

"Mlikuwa mnaisoma herufi moja kwa siku?"

Chumba cha mkusanyo kilikuwa chumba cha kulala kilichotolewa kitanda. Rafu zilizunguka kuta tatu, na juu yake vilikaa vidau sitini na viwili, kila kimoja na lebo yake ya karatasi nyeupe. Kulikuwa na vidau vya kauri nyeupe vya madawati ya shule. Kulikuwa na chupa za udongo mgumu wa kahawia, zenye mdomo wa kumiminia, ambazo wino ulisafirishiwa ndani yake kutoka ng'ambo. Kulikuwa na kidau kizito cha mviringo, chenye matundu pembeni ya kusimamishia kalamu. Vyote vilikuwa safi kwa nje na vichafu kwa ndani. Kila kimoja kilikuwa na gamba jeusi la wino uliokauka chini.

"Mbona huvioshi?" Katee aliuliza.

Mzee alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Kidau kilichooshwa ni kikombe, kijana. Wino uliokauka ndio ushahidi kwamba kilifanya kazi. Mtu yeyote anayekusanya vitu hivi anajua: usioshe, usikwangue, usijaze."

"Na ulijuaje kwamba namba kumi na saba imekwanguliwa?"

"Rejista." Mzee alinyanyua kidau kimoja, akakitikisa taratibu karibu na sikio. Ndani yake kitu kilicheza kama mbegu kwenye ganda. "Kila Jumamosi naita majina. Kila mmoja anaitika. Jumamosi ile nilipomwita kumi na saba, akanyamaza. Amekonda. Mshike."

Katee alikishika. Kilikuwa kidau kifupi cha udongo wa kahawia, kinene, na shingoni kilikuwa na ukingo uliotokeza kama ukosi wa shati. Alimulika tochi ndani. Udongo wa kahawia ulikuwa mtupu, na ncha ya kisu ilikuwa imeacha mikwaruzo kuuzunguka. Kidole chake kilitoka kikavu, bila hata chembe. Mwizi alikuwa amekwangua, kisha akasuuza, kisha akapangusa. Kazi ya mtu mwenye subira.

Mtu hukwangua wino mkavu wa mwaka 1964 kwa sababu moja tu. Ukiuloweka katika maji, unaandika nao. Na ukiandika nao, mtaalamu anasema wino ni wa zamani, na hasemi uongo.

"Nani aliingia humu kabla ya Jumamosi hiyo?"

"Wageni wote husaini." Mzee alileta kitabu. Wiki ile kulikuwa na jina moja tu: D. Githinji, mwandishi wa historia ya kanisa.

"Ulimwacha peke yake?"

"Nilienda kumtengenezea chai. Mkwe wangu Caro alikuwa kwenye chama chao cha akina mama."

"Kwa dakika ngapi?"

"Chai ya mgeni haina dakika."

Katee alitoa picha ya Timothy Kuntai. Mzee aliisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha. "Anaweza kuwa huyu. Anaweza pia kuwa mchungaji wangu. Nina tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa macho mwezi wa nane."

Katee alipiga nambari ya simu iliyokuwa kitabuni kando ya jina. Sauti ya mashine ilimwambia nambari hiyo haipo.

Caro, mke wa mtoto wa mzee, alikuwa uani akianika nguo. Katee alimwuliza moja kwa moja kama ndiye aliyeosha kidau.

"Mimi?" Alibandua kibanio mdomoni. "Afande, mimi nikipanguza vumbi kwa hiyo rafu, baba ananiitia kikao cha ukoo. Mwaka jana nilihamisha kimoja, kimoja tu, nitoe buibui. Alikataa chakula siku mbili. Niko na watoto watatu na kazi ya hospitali, sina nguvu ya kuosha vikopo vya marehemu."

"Kuna mtu amewahi kuvitaka?"

"Wakhungu. Yule wa kuuza vitu vya zamani hapo barabara ya Namanga. Amekuja mara tatu na hicho hicho cha kahawia ndicho alikuwa anataka. Mara ya mwisho baba alimfukuza na bakora."

Kabla ya kuondoka, Katee aliomba kitu kimoja zaidi: je, kuna popote ambapo wino wa namba kumi na saba umebaki? Hata tone moja?

Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu. Alifungua daftari la jalada gumu. Kila kidau kilichoingia nyumbani mwake, alieleza, alilowesha chembe ndogo tu ya wino wake kwa ncha ya unyoya, na kwa wino huo huo akaandika jina la kidau chenyewe katika daftari. "Kila mwanafunzi ajiandikie jina lake. Ndiyo kanuni."

Katee alipitisha kidole ukurasani. Mistari ya juu na ya chini ilikuwa imegeuka kahawia, rangi ya chai ya rangi. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa bluu.

"Huu mbona haukugeuka?"

"Wino wa serikali," mzee alisema, akalifunga daftari haraka kidogo. "Walikuwa na wino mzuri."

*

Saa nne na nusu Katee alikuwa katika duka la Wakhungu, kati ya taa za mafuta, redio za mbao na cherehani zisizo na magurudumu. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeketi kwenye kiti cha kinyozi.

Katee alikuwa na hakika amefika penyewe. Mtu anayetaka kidau mara tatu, anayefukuzwa, anayejua thamani ya wino mkavu: huyu angeweza kumtuma mtu na kisu. Alimbana nusu saa nzima. Alikuwa wapi juma hilo? Hospitalini Machakos, amelazwa kwa nyongo. Na karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa ukutani, imebandikwa kama cheti. Anamjua Timothy Kuntai? Hamjui. Simu? Chukua, afande, tazama mwenyewe. Katee alitazama. Simu ilijaa picha za makabati.

"Hebu fikiria," Wakhungu alisema alipoona askari amechoka. "Ningekuwa mwizi ningebeba kidau na uchafu wake. Uchafu bila kidau nitaufanyia nini? Na kidau bila uchafu nani atakitaka?"

"Basi ulikuwa unakitakia nini mara tatu?"

"Mara mbili. Mara ya tatu nilienda kumwambia sikitaki." Wakhungu aliegemea mbele. "Wewe umekishika. Uliona ule ukingo shingoni? Ni wa kukizuia kisizame kwenye tundu la dawati. Dawati la watoto, afande. Sasa niambie, DO wa Loitokitok alikuwa anakalia dawati la watoto? Nilimuuliza mzee alikipata wapi. Ndipo alipochukua bakora."

Katee alitoka nje akasimama kando ya gari, jua likimpiga utosini. Malori ya saruji yalipita mfululizo. Mshukiwa aliyekuwa naye asubuhi hakuwa naye tena, na sasa hata kidau chenyewe kilianza kuteleza mkononi. Ikiwa hakikutoka kwa DO, basi ushahidi wake ulisimama juu ya lebo ya uongo, na wakili wa Timothy angeupeperusha kwa pumzi moja.

Alirudi Milimani akamwambia mzee avae kofia, abebe na daftari. Wanaenda Kajiado.

*

Barabara ya Kajiado ina kilomita hamsini hivi kutoka Kitengela, na siku nzuri ni saa moja. Siku hiyo haikuwa nzuri. Karibu na Isinya trela lilikuwa limelala kimgongomgongo likamwaga mawe, na walikaa hapo hadi saa nane kasorobo. Mzee alitumia muda huo kumfundisha Katee tofauti kati ya kauri na udongo mgumu. Kauri ukiigonga inalia, udongo mgumu unajibu. Katee alitazama saa yake na kusema ndiyo, mwalimu.

Walipofika masijala ya mahakama, karani alikuwa ameenda chakula. Aliporudi, faili lilikuwa kwa karani wa jaji. Karani wa jaji alikuwa kwenye mkutano. Katee alisimama kaunta akihesabu vigae vya sakafu, kisha akavihesabu tena.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Naserian, shuka la miraba mabegani na bahasha ya stakabadhi mapajani. Alikuwa ametoka Kimana alfajiri ya jana, na angelala kwa binamu yake mjini ili asikose kesi.

"Takwenya, mama," Katee alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko." Alimtazama mzee aliyevaa tai. "Huyu ndiye wakili mpya?"

"Hapana. Huyu ni mwalimu. Anajua wino."

"Basi aiambie hiyo karatasi iseme ukweli. Vitunguu viko tayari kung'olewa, na Timothy ameniambia nisiguse hata jani. Juzi ametuma watu wakapima shamba mimi nikiwa ndani." Alisema bila kupandisha sauti. "Shemeji yangu huyo. Nilimpikia harusi."

Saa tisa na robo faili lilifika. Karani aliweka mapatano ya asili juu ya kaunta, ndani ya mfuko wa plastiki, na kusimama hapo hapo kuyalinda. Mzee Mureithi alitoa kioo chake cha kukuzia, akainama.

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Maandishi yalikuwa ya bluu. Bluu ya sare ya shule, bluu isiyochoka. Mzee alikirudisha kioo mfukoni bila kumtazama Katee.

"Si wino wangu," mzee alisema.

"Una hakika, mwalimu?"

"Nimesema si wangu."

Katee hakubishana naye. Aligeuka kwa karani. "Ndugu yangu, kesi za mipaka za Loitokitok za miaka ile ziko humu? Nataka barua yoyote ya ofisi ya DO, mwaka 1964. Yoyote tu."

Karani aliguna, akazunguka nyuma ya makabati, akarudi na faili lenye vumbi. Ndani yake mlikuwa na barua sita za mkono, zenye muhuri wa ofisi ile. Katee alizipanga kando ya mapatano kama mtu anayepanga karata.

Wino wa barua zote sita ulikuwa umegeuka kahawia.

*

Kantini ya mahakama ilikuwa banda la mabati nyuma ya jengo. Katee alimketisha mzee pembeni, mbali na mawakili, akaweka saa yake ya mkononi mezani kati yao. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Mwalimu, nitasema, na wewe unirekebishe. Ofisi ya DO wa Loitokitok ilitumia wino unaogeuka kahawia. Tumeona barua sita. Kidau chako kina lebo ya ofisi hiyo na mwaka huo huo, lakini wino wake ni wa bluu hadi leo. Kwa hivyo wino huo haukutoka kwa DO. Kidau kina ukingo wa dawati la shule. Kwa hivyo na chenyewe hakikutoka kwa DO. Nimekosea wapi?"

Mzee alinyoosha tai yake.

"Timothy alikuja kwako akitafuta wino wa Loitokitok wa mwaka 1964. Alisoma lebo, akaiamini. Mtu mwenye vidau sitini na viwili mbele yake, na alikwangua hicho kimoja tu."

"Mimi si mtuhumiwa hapa."

"Hapana. Lakini wewe ndiye mtu wa pekee Kenya nzima anayejua huo wino ni wa nini."

"Nilishasema si wangu. Unataka niseme mara ngapi? Hivi ndivyo mnavyofanya kazi, kulazimisha wazee? Nilikuja kuripoti wizi nikachekwa wiki tatu, na leo nimeburutwa kilomita hamsini niitwe mwongo!"

Mawakili wa meza ya pili waligeuka. Katee alishusha pumzi. Alikuwa na hamu kubwa ya kugonga meza. Hakuigonga.

"Kesho saa tatu," alisema, "yule mama aliye kwenye benchi anaondolewa kwenye shamba kwa wino uliotoka chumbani mwako. Mimi nitarudi Kitengela na kesi nyingine. Wewe utarudi kwa rejista yako ya Jumamosi. Yeye atarudi wapi, sijui. Sina swali lingine, mwalimu."

Mzee aliigeuza saa ile mezani imwelekee. Mhudumu alikuja akauliza kama wanakula, akaondoka. Sasa ilikuwa imeshapita saa kumi.

"Darasa la nne," mzee alisema hatimaye.

Katee alivuta kiti karibu.

"Nilianza kufundisha huku huku Kajiado, mwaka wa sabini na moja. Mwaka wa sabini na nne wino wa shule ulikatika muhula mzima. Watoto arobaini na wawili, na mtihani unakuja. Nilichukua unga wa wino uliobaki, nikauongezea bluu ya kufulia. Ile ya vipande, ya kung'arishia mashuka. Na gundi ya mgunga ya kuushika kalamuni. Niliuchanganya mwenyewe kwa mkono wangu. Ulikuwa unaandika vizuri." Sauti yake ilikuwa na fahari kidogo hapo, kisha ikaishiwa. "Shule ilipotupa madawati ya zamani nilibeba kidau kimoja. Nilipostaafu, watu wa kanisa walikuja kutazama mkusanyo. Nani atasimama mbele ya kidau cha darasa la nne? Niliandika DO. Walisimama. Mmoja alipiga picha. Baada ya hapo ningeifuta vipi?"

"Kuna njia ya kuthibitisha kwamba bluu ya kufulia imo?"

"Ndimu."

"Ndimu?"

"Watoto wale walikuwa mashetani. Akikosea hesabu, anadondosha maji ya ndimu. Bluu ya kufulia haivumilii ndimu, inafutika, na inatoa harufu ya yai viza. Darasa lilikuwa likinuka siku ya masahihisho. Wino halisi haufanyi hivyo, ukifutika haunuki."

Katee alinunua ndimu kwa mhudumu. Mzee alifungua daftari kwenye mstari wa kumi na saba na kulishika dakika nzima bila kufanya kitu, kwa kuwa hakukuwa na wino mwingine wa namba hiyo duniani ila ule wa mstari na ule wa Timothy. Kisha akadondosha tone moja juu ya herufi ya mwisho.

Herufi ilififia, ikawa kijivu, ikaondoka. Katee aliinamia karatasi. Harufu ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa yenyewe. Walijaribu mstari wa kumi na sita kwa tone jingine, na pale hawakunusa kitu ila ndimu.

"Jaji anaweza kuamuru tone kama hilo kwenye karatasi ya Timothy," Katee alisema. "Lakini ataamuru tu kama kuna mtu ameapa ni kwa nini. Lazima uandike yote. Pamoja na lebo."

"Pamoja na lebo?"

"Bila lebo, hakuna sababu ya Timothy kukichagua kidau hicho."

"Huko kuna watu niliowafundisha, Inspekta. Kajiado nzima inaniita mwalimu."

"Najua."

"Hujui," mzee alisema, akainuka.

*

Ofisi ya kamishna wa viapo ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofani, na ngazi zake zilikuwa zimejaa watu wanaosubiri mihuri. Wakili wa Naserian, aliyepigiwa simu na Katee, alikuwa amekuja mbio na karatasi. Mzee alikataa kuchapiwa. Aliandika hati ya kiapo mwenyewe, kwa Kiingereza kama wakili alivyotaka, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride, kurasa mbili. Katee alisimama nyuma yake na saa. Saa kumi na dakika thelathini na tano. Thelathini na tisa. Mzee alikata neno moja, akaandika jingine. Arobaini na mbili.

Kamishna alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akamtazama mzee.

"Mwalimu Mureithi? Wa darasa la nne?"

Mzee alifumba macho kidogo. "Ndiyo."

"Ulinichapa kwa sababu ya mwandiko." Hakutabasamu wala hakukasirika. "Sheria inataka nihakikishe unaelewa unachoapia. Soma kwa sauti."

"Mlango uko wazi," Katee alisema kwa upole. "Nifunge?"

"Hapa ndani ni joto kama tanuri na hawa wote wanangoja," kamishna alisema. "Asome."

Alianza kwa sauti ya chini. Jina, umri, kazi. Watu wa kwenye ngazi waliendelea na mazungumzo yao. Alipofika aya ya tano alisimama. Katee alisoma aya hiyo juu ya bega lake: lebo hiyo niliiandika mimi, nikijua si kweli, ili niheshimiwe. Saa ilisema kumi na dakika arobaini na nane. Masijala ilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabarani kulikuwa na kundi la mbuzi.

"Mwalimu," Katee alinong'ona.

Mzee alikohoa. Kisha akaisoma aya ya tano kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma, na kwenye ngazi watu walinyamaza. Aliisoma ya sita na ya saba kwa sauti ile ile hadi mwisho. Muhuri uligonga karatasi. Wakili aliinyakua na kushuka ngazi mbili mbili.

Katee alimfuata hadi kaunta. Karani alikuwa tayari ameshika kamba ya kufungia dirisha. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama wakili anayehema, akaguna, akapokea. Kumi na moja kasoro dakika tatu.

Haikuwa ushindi. Wakili wa Timothy angepinga tone la ndimu, angemwita mzee mwongo mbele ya watu wote, na angekuwa na maandishi ya mzee mwenyewe ya kumwonyesha. Timothy bado alikuwa huru, na D. Githinji bado alikuwa jina tu kitabuni. Katee alisimama kwenye varanda akiwa amechoka kama aliyebeba trela lile la Isinya mgongoni.

Mzee Mureithi alikuja akivuka kati ya mbuzi, taratibu, kofia mkononi. Naserian aliinuka kwenye benchi.

"Nimesikia unasoma mpaka hapa chini," alimwambia. "Lakini ulikuwa unasoma Kizungu. Umesema nini?"

Katee alifungua mdomo ili amsaidie. Mzee alimzuia kwa mkono.

"Nimesema mimi ni mwongo, mama. Niliandika uongo kwenye kidau, na Timothy akaiba wino pamoja na ule uongo, akaandikia karatasi ya shamba lako. Kesho jaji akiuangalia vizuri ataona wino ulichanganywa mwaka wa sabini na nne, na mimi. Karatasi yake inasema sitini na nne."

Naserian alilifikiria jambo hilo. Alimtazama juu hadi chini, koti, tai, viatu vilivyopigwa rangi na sasa vimejaa vumbi.

"Na kesho utakuja kusema tena, mbele yake?"

Mzee alikung'uta vumbi kwenye kofia yake.

"Saa tatu," alisema.

Naserian alisogeza bahasha yake upande mmoja wa benchi. "Basi keti, mwalimu. Umesimama sana."

Mzee aliketi.